Kuhakiki Mkato wa Kibodi

Mtu atumiaye kompyuta mara nyingi hubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja badala ya kuitafuta amri katika orodha. Ctrl na S, kwa mfano, huhifadhi maandishi. Mpango huo wa vitufe tutauita mkato wa kibodi. Zipo programu zinazomruhusu mtumiaji kujichagulia mkato kwa kuuandika, kama vile “Ctrl+Shift+S”. Somo hili laeleza jinsi programu iliyoandikwa kwa Python au JavaScript inavyoweza kuhakiki maandishi hayo kabla ya kuyakubali.

Kwa nini kuhakiki? Tuseme mtumiaji ameandika “A” peke yake, na programu ikakubali. Tangu hapo, kila abonyezapo A amri itatekelezwa, na herufi yenyewe haitaandikika tena. Kosa dogo limemnyang’anya herufi nzima.

Uhakiki wafaa kufuata hatua tano:

1. Ondoa nafasi zisizohitajika na geuza herufi kubwa kuwa ndogo, ili “CTRL + s” na “ctrl+S” ziwe kitu kimoja.

2. Gawa maandishi penye alama ya kujumlisha. Hapa pana mtego. “Ctrl++” ni mkato halali, maana kitufe chake cha mwisho ni hiyo alama yenyewe. Lakini mgawanyo wa kawaida utatoa “ctrl” na vipande viwili vitupu. Hali hiyo ishughulikiwe kabla ya kugawa.

3. Linganisha kila kipande na orodha mbili: vitufe visaidizi, yaani Ctrl, Alt na Shift, na vitufe vya kawaida, yaani herufi, tarakimu, alama na F1 hadi F12. Kisichomo kikataliwe. Ni salama kuorodhesha yaliyo halali kuliko kuorodhesha makosa, kwa kuwa makosa hayana mwisho.

4. Hesabu. Kitufe cha kawaida kiwe kimoja tu, na kisaidizi kisirudiwe. Iwapo kitufe ni herufi, tarakimu au alama, lazima pawepo Ctrl au Alt, kwani Shift na A huandika A kubwa tu.

5. Panga visaidizi kwa utaratibu mmoja, kisha tazama kama mkato huo umekwisha kutumika. “Shift+Ctrl+S” na “Ctrl+Shift+S” ni mkato mmoja.

Hata hivyo, si kila mkato ulioandikwa sawasawa unafaa. Windows hujiwekea Ctrl+Alt+Delete yenyewe. Tena, katika Windows kitufe cha AltGr huhesabiwa kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja. Kwa hiyo programu ikichukua Ctrl+Alt+A, mwandishi wa Kipolandi aweza kuikosa herufi yake ą.

Mwisho, programu inapokataa itaje sababu. “Kosa” halimfundishi mtu. “Kitufe Ctlr hakijulikani” humwonyesha pa kusahihisha.

Zoezi: Ni ipi kati ya hizi itakataliwa, na katika hatua gani? (a) Shift+7 (b) Ctlr+P (c) Ctrl+Alt (d) alt + CTRL + k