Sharti tangulizi: neno moja, muhula mzima

Neno ninalolijadili hapa nililitafsiri vibaya mimi mwenyewe, na kosa hilo lilimgharimu mtoto wa mama yangu mdogo muhula mzima. Naomba wasomaji, hasa wenzangu wa idara ya lugha za Kiafrika, wanisahihishe pale pendekezo langu litakapopungua.

Mdogo wangu huyo alimaliza sekondari hapa Lubumbashi, seksio ya hesabu na fizikia, akapata Diploma ya Serikali kwa asilimia 58. Baadaye alibahatika katika loto ya viza na kufika California. Jimbo hilo lina vyuo vya jumuiya 116 vya umma, ambavyo humpokea karibu kila mtu mzima anayetaka kusoma. Lakini kuingia chuoni ni jambo moja, na kuingia katika kozi fulani ni jambo lingine. Alitaka kozi ya kemia, kwa kuwa anataka kuwa muuguzi. Mashine ya uandikishaji ikamkatalia. Akanitumia picha ya kioo cha simu na maneno haya: "Yaya, wewe ndiye unasoma lugha. Hawa wanataka nini?"

Kiooni palisomeka « prerequisite », kisha aljebra ya kati, alama C au zaidi. Nikajibu haraka, nikiwa njiani kwenda kwenye somo: "Aljebra ni somo la lazima. Jiandikishe huko kwanza." Naye akanitii. Kuanzia Agosti hadi Desemba alikaa akirudia milinganyo aliyoisoma akiwa bado mtoto wa sare.

Kosa langu lilitoka wapi? Kifaransa kilinidanganya. Kwenye karatasi zetu za kozi, tangu tuingie mfumo wa LMD, tunaandika « prérequis », na sijaona bado mwanafunzi aliyefungiwa mlango kwa ajili yake. Tunalisoma kama pambo. Kule neno hilo ni kufuli. Tena niliyachanganya mambo matatu. Somo la lazima ni lile ambalo bila hilo hupati cheti. Unaweza kulifanya mwaka wowote. Sharti sambamba ni kozi unayoifuata wakati mmoja na nyingine. Sharti tangulizi hudai uwe na ujuzi fulani kabla ya kuingia darasani, na ujuzi huo unaweza kuwa uliupata mahali pengine, hata Lubumbashi. Kumbe hakuhitaji kurudia aljebra. Alihitaji kuonyesha kwamba anaijua.

Na njia ya kuonyesha ilikuwepo. Kanuni za California humruhusu mwanafunzi kupinga sharti tangulizi akithibitisha kwamba ana ujuzi unaotakiwa. Mzigo wa ushahidi ni wake. Vilevile sheria inayoitwa AB 705, iliyotiwa sahihi mwaka 2017, inavitaka vyuo vitazame masomo na alama za sekondari wakati wa kumpangia mwanafunzi kozi za hesabu na Kiingereza, badala ya kumrundika katika marudio kwa sababu ya mtihani mmoja wa kuingilia.

Hapa kuna mtego mwingine. Kwetu 50 inapitisha; kule, kwa kawaida, chini ya 60 ni F. Ukitafsiri maneno ya bulletin na kuziacha namba zilivyo, umemfelisha mtu aliyefaulu. Ndiyo maana vyeti vyetu hupelekwa kwanza kwenye shirika la kutathmini vyeti vya kigeni, linalolinganisha kozi kwa kozi na kugeuza alama.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba katika hiyo aljebra aliyoijua, jaribio la kwanza alilianguka. Aliombwa aandike « five less than x ». Akafuata mpangilio wa maneno: 5 − x. Jibu ni x − 5. Kifaransa kina mtego uleule, « 5 de moins que x », ila shuleni kwetu, anasema, mlinganyo uliletwa ubaoni ukiwa umekwisha kuandikwa. Kiswahili sanifu kingemwokoa: x kasoro 5, kama tunavyosema saa tatu kasoro robo. Neno na alama vinafuatana hatua kwa hatua. Sijui kwa nini tunasema lugha yetu haiwezi hesabu. Koma nayo ilimsumbua: 1,250 kwake ilikuwa moja na robo, kwa mwalimu wake, elfu moja mia mbili hamsini.

Turudi kwenye istilahi. Wengine watapenda "sharti la awali". Mimi ninaliogopa, kwa sababu elimu ya awali ni ya watoto wadogo, na mtu akisikia "hesabu ya awali" atafikiri ni kuhesabu vijiti. "Tangulizi" inaonyesha mfuatano tu, bila kudharau kiwango. Inakaa vizuri pia pembeni ya "sambamba". Asistanti wetu mmoja ameniambia kwamba ni neno zito kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Labda ni kweli, lakini « prérequis » nayo si nyepesi, tumeizoea tu.

Bulletin zake zimekwisha kutathminiwa. Juzi ameniletea picha nyingine, fomu ya kurasa mbili kuhusu kozi ya fiziolojia. Nimemwambia asijaze kitu mpaka niisome yote.