Siku ya Upendo ya Mwaka 1458

Mwezi wa Machi, 1458, wenyeji wa mji wa London walitoka majumbani mwao kutazama jambo la ajabu. Mfalme Henry wa Sita alikuwa akienda kwa maandamano katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, taji kichwani, na wakubwa wa nchi walikwenda pamoja naye wawili wawili, wameshikana mikono. Duke wa Somerset alishikana na Bwana wa Salisbury, na Duke wa Exeter na Bwana wa Warwick. Malkia Margaret mwenyewe alishikwa mkono na Duke wa York. Watazamaji walijua kwamba kila mmoja wao alimchukia yule aliyemshika. Waingereza waliiita siku hiyo Siku ya Upendo.

Ili kuifahamu chuki hiyo yafaa kurudi nyuma kidogo. Henry alirithi ufalme mwaka 1422, naye ni mtoto wa miezi tisa. Alipokuwa mtu mzima alikuwa mcha Mungu na mpenda elimu. Shule ya Eton, aliyoianzisha mwaka 1440, ingaliko mpaka leo. Walakini ufalme wa zama zile haukuendeshwa kwa wema peke yake. Hapakuwa na polisi wala jeshi la kudumu. Amani ilikuwa mikononi mwa makabaila, nao walihitaji mfalme awezaye kusema neno moja wakanyamaza. Henry hakuliweza hilo. Alimsikiliza yule aliyekuwa karibu naye.

Kila kabaila alikuwa na watu wake, aliowapa mshahara, nguo za rangi moja, na alama ya nyumba yake. Wao walimfuata vitani, naye aliwakingia kifua mahakamani. Mkulima aliyenyang'anywa shamba na mtu mwenye alama ya bwana mkubwa aliweza kushtaki, maana sheria ilikuwapo, tena imeandikwa. Lakini wale watu kumi na wawili walioapishwa kuamua kesi, wakiona mlangoni kundi lenye silaha na alama ile ile, walijua ni hukumu gani iliyotakiwa. Ufalme ulikuwa umekwisha kuoza kabla mshale wa kwanza haujarushwa.

Mwaka 1453 mabaya yalifuatana. Mwezi wa Julai Waingereza walishindwa huko Castillon, na katika nchi yote waliyoitawala Ufaransa wakabakiwa na mji wa Calais na viunga vyake. Mwezi wa Agosti mfalme alishikwa na ugonjwa wa akili, akakaa karibu miezi 17 bila kufahamu neno. Mwanawe alipoletwa mbele yake, alimtupia jicho mara moja tu, kisha akainama. Mwezi huo huo wa Agosti, upande wa kaskazini, watu wa ukoo wa Percy zaidi ya 700 waliwavizia watu wa ukoo wa Neville waliokuwa wakirudi arusini. Nani angewaamua?

Richard, Duke wa York, aliyekuwa wa uzao wa Mfalme Edward wa Tatu kama Henry mwenyewe, akafanywa Mlinzi wa Ufalme. Somerset wa wakati ule, ambaye Normandy ilipotea mikononi mwake, akafungwa. Mfalme alipopona Somerset alifunguliwa, na York akaondolewa. Basi York akashika silaha pamoja na Salisbury na mwanawe Warwick, wote wawili wa ukoo wa Neville. Tarehe 22 Mei, 1455, walipigana na watu wa mfalme katika njia za mji wa St Albans. Mfalme alipigwa mshale wa shingo, akapona. Somerset aliuawa, na mkuu wa ukoo wa Percy, na Bwana Clifford. Waliokufa hawakuwa wengi, lakini hao watatu waliacha wana.

Wana hao ndio waliokuja London mwaka 1458 kudai damu ya baba zao, nao hawakuja mikono mitupu. Warwick naye alileta watu 600 waliovaa makoti mekundu. Meya aliwaweka watu wa York ndani ya kuta za mji na wapinzani wao nje, akaweka walinzi usiku na mchana. Mfalme akaamua kwamba York na wenzake watoe fidia kwa jamaa za waliouawa, na kugharimia misa za kuwaombea huko St Albans. Kwa sura ilikuwa hukumu ya haki. Ila fidia ya York ilikuwa hati za fedha alizokuwa akiidai hazina ya mfalme, yaani deni lililipwa kwa deni! Wala majeshi ya makabaila hayakuvunjwa.

Septemba 1459 vita vilianza tena, vile ambavyo watu wa baadaye waliviita Vita vya Mawaridi. York aliuawa Wakefield tarehe 30 Desemba, 1460. Salisbury alikamatwa akauawa, na vichwa vyao vikatundikwa langoni mwa mji wa York. Somerset yule kijana alikatwa kichwa mwaka 1464. Warwick alimsaidia Edward, mwana wa York, kukalia kiti cha ufalme mwaka 1461, wakagombana, naye akafa Barnet mwaka 1471 akimpigania Henry. Siku hiyo Exeter alikuwa upande wake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mwana pekee wa Malkia Margaret aliuawa Tewkesbury, na Henry akafa kifungoni katika ngome ya London. Malkia alirudi kwao Ufaransa, akafariki huko mwaka 1482.