Kutafuta Ufa katika Ekseli Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Wakulima wengi watakao gari la ng'ombe hununua ekseli ya nyuma ya motakaa au lori lililokwisha kazi, kwa kuwa magurudumu yake huenda kwa beringi wala hayamlemei ng'ombe kama gurudumu la mti. Shauri hilo ni jema. Lakini ekseli yenye ufa hukatika siku ya mzigo, si siku ya kununua, na aongozaye ng'ombe mara nyingi ni mtoto wako. Basi usitoe fedha kabla ya kulichungua ganda la ekseli, yaani lile bomba nene lenye tumbo katikati ambamo hukaa difu.

Litazame kwanza lingali chafu. Ukiona mstari mwembamba wa vumbi lililolowa mafuta, utie alama kwa chaki. Mafuta yaliyo pembeni mwa kifuniko cha tumbo, au karibu na magurudumu, mara nyingi ni ya sili iliyochakaa, na hayo si neno kubwa. Kisha ukwangue matope, grisi na rangi kwa burashi ya waya na mafuta ya taa, hata chuma chenyewe kionekane. Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu yafaa kukutia shaka. Mwenye kuuza akikukataza kuikwangua, nenda zako.

Sasa ipindue ekseli. Weka fito juu ya mawe mawili uikanyage katikati: huanza kupasuka upande wa chini. Ganda nalo ni vivyo hivyo, kwa maana magurudumu hulishika mwisho na springi hulikandamiza kati yake. Kwa hiyo tafuta zaidi upande wa chini: kando ya vikalio vya springi vilivyochomelewa, mahali bomba liingiapo katika tumbo, na kila palipowahi kuchomelewa zamani.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Paka mafuta ya taa mahali hapo, uache muda wa saa moja, upanguse pakauke kabisa, kisha usugue unga wa chaki. Gonga karibu yake kwa nyundo, polepole. Palipo na ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari katika ule weupe. Mafundi wa reli waliitumia njia ya namna hii kwa ekseli za mabehewa tangu karne ya 19, kabla ya kuja vyombo vya sumaku. Ukiona mstari, piga tupa kidogo: mkwaruzo utafutika, ufa utabaki.

Muuzaji atasema ufa huchomelewa. Bomba la chuma cha pua fundi hodari aweza kulichomelea, ingawa moto huweza kulipinda. Tumbo la chuma cha kusubu ni jambo jingine: lisipopashwa moto kwanza na kupozwa polepole, hupasuka tena kando ya kiraka. Mimi singeinunua.

Ikiwa ekseli ni ya lori kubwa, mwambie afungue na magurudumu. Katika malori mengi gurudumu huzunguka juu ya ncha ya ganda lenyewe, na ncha hiyo ndiyo ichukuayo mzigo wote wa upande wake. Ufa ukiwapo hapo, hata mfupi kama ukucha, ekseli hiyo haifai kwa gari.