Herufi Moja Yamaliza Ubishi wa Gharama ya Lori

Chukua mfano wa wakulima watatu wa maembe katika Kaunti ya Makueni waliokodi lori kwa shilingi 18,000 kupeleka mazao soko la Kongowea, Mombasa. Kreti zote ni 90, ila hakuna aliyeandika kila mmoja alipakia ngapi. Kinachokumbukwa ni kwamba wa pili alikuwa na mara mbili ya kreti za wa kwanza, na wa tatu alimzidi wa kwanza kwa kreti 10. Dereva anadai pesa zake. Wa tatu anapendekeza wagawane sawa, shilingi 6,000 kila mtu.

Kabla ya kukubali, kalamu itolewe. Kisichojulikana ni kreti za wa kwanza, na wengine wawili wanapimwa kwake. Ziitwe x. (Herufi yoyote yafaa, x ni mazoea tu.)

Hapa ndipo wengi huteleza. “Mara mbili” ni kuzidisha, hivyo wa pili ana 2x. “Kuzidi kwa 10” ni kujumlisha, hivyo wa tatu ana x + 10, wala si 10x. Anayeandika 10x atagawanya 90 kwa 13 na kupata kreti 6 na vipande. Hakuna anayepakia kipande cha kreti. Jibu kama hilo linamrudisha mtu kwenye swali.

Mlinganyo ni huu:

x + 2x + x + 10 = 90
4x + 10 = 90
4x = 80
x = 20

Kumi imeondolewa pande zote mbili, kisha pande zote zikagawanywa kwa 4. Wa kwanza ana kreti 20, wa pili 40, wa tatu 30. Jumla ni 90, sawa.

Lakini kilichoulizwa ni pesa. Shilingi 18,000 kwa kreti 90 ni shilingi 200 kila kreti. Wa kwanza alipe 4,000, wa pili 8,000, wa tatu 6,000. Kwa kugawana sawa, wa kwanza angemlipia wa pili shilingi 2,000. Wa tatu halipi zaidi wala pungufu, ndiyo maana pendekezo lake halikumuuma.

Milinganyo hii hufunzwa Gredi ya 7. Mtoto akikwama, mzazi amuulize kwanza x inasimamia nini.

Zoezi: Chama kina watu 46. Wanawake ni 4 zaidi ya mara mbili ya wanaume. Wanaume ni wangapi? (Jibu: 14.)