Kufundisha Kasoro za Fuwele kwa Vizibo na Punje za Mahindi

Mwanafunzi wa darasa la saba ajuaye kwamba waya hupata moto umeme upitapo, amekwisha kuujua ukinzani. Ipo mata ambayo, ikipozwa sana, hupoteza ukinzani wote. Hali hiyo tuiite upitishaji kamili. Heike Kamerlingh Onnes aliigundua katika zebaki huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Chuma, kwa usumaku wake, kilidhaniwa kuwa adui wa hali hiyo. Lakini mwaka 2008 Hideo Hosono na wenzake huko Tokyo walitangaza kampaundi ya chuma na aseniki iliyoifikia katika digrii 247 za Selsiasi chini ya sifuri.

Tuchukue kampaundi nyepesi zaidi, ya chuma na seleni. Mwalimu apange vizibo 100 vya chupa juu ya kadibodi, safu kumi za kumi kumi: hizo ndizo atomi za chuma katika tabaka moja la fuwele. Kisha aweke punje moja ya mahindi juu ya safu hizo, iwe atomi ya chuma iliyozidi. Fuwele yenye ziada hiyo bado hupitisha umeme bila ukinzani, ikipozwa hadi digrii 265 hivi chini ya sifuri. Aongeze punje mbili tu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba kwa ziada ya atomi tatu katika mia, upitishaji kamili hauonekani tena. Hapa mwalimu asifanye haraka. Awaache watoto wazitazame punje tatu kati ya vizibo mia.

Hata hivyo, asiwaache wakidhani kila kasoro ni hasara. Nguvu ya sumaku hupenya fuwele hizi kwa mirija myembamba, na mkondo mkubwa wa umeme huisukuma. Mirija ikitembea, nishati hupotea na ukinzani hurudi. Gololi iviringishwe juu ya kadibodi tupu, kisha juu ya kadibodi yenye matundu: tundu huinasa. Ndivyo kasoro ndogo zinasavyo mirija. Mwaka 2016 watafiti wa Brookhaven, Marekani, walipiga kwa protoni utando wa chuma, seleni na teluri. Kiasi cha mkondo uwezao kupita bila ukinzani kikaongezeka sana.

Neno “kasoro” lenyewe huwaelekeza watoto kwenye lawama, kwa hiyo yafaa kuwauliza kwanza: imekaa wapi, na inazuia nini?