Masika haya, fukia koma pale mti utakaposimama

Mvua zikikaribia, vitalu vya pwani hujaa watu wanaotafuta mti wa kupendezesha uwanja wa nyumba. Siku hizi wengi wanataka ule wenye majani yaliyotanuka kama kipepeo cha jikoni, na aghalabu huuziwa Washingtonia, asili yake Mexico. Ni mti mzuri, lakini tunao wetu unaoijua ardhi hii: mkoma. Huota wenyewe Turkana, kandokando ya Mto Tana, Lamu, Kilifi, hadi mwambao wa Tanzania. Huvumilia chumvi ya ardhini na kiangazi kirefu kwa kuwa mizizi yake huyafuata maji ya chini. Tena ni mmoja wa miti michache ya jamii ya minazi ambayo shina lake hugawanyika panda, na kila tawi likagawanyika tena. Ila ni mti wa joto. Walio kwenye nyanda za baridi wasihangaike nao.

Okoteni makoma yaliyoiva na kudondoka, yenye rangi ya kahawia. Menya nyama ya nje, au waachie watoto waitafune kwanza, kisha loweka kokwa siku tatu hadi saba, ukibadilisha maji kila siku. Wakati huo chimba shimo la futi mbili kwenda chini, rudisha udongo ukiwa umelainika, na ufukie kokwa karibu na juu, kiasi cha vidole vinne tu.

Kwa nini shimo refu hivyo kwa kokwa isiyozama? Kwa sababu mkoma hauanzi kwa kwenda juu. Kokwa hutoa kwanza chipukizi jeupe, nene, lisilo na jani, ambalo huzama moja kwa moja ardhini. Mizizi na jani la kwanza hutokea kwenye ncha yake, huko chini, ndipo jani lianze safari ya kuja juu. Ukiotesha kwenye kiriba kifupi, chipukizi hilo hugonga kitako na kujikunja, au hutoboa na kuingia ardhini. Siku ya kuhamisha unalikata. Kwa sababu hiyohiyo msinunue mche uliong'olewa porini. Sehemu yake kubwa imebaki kule ulikotoka, na mara nyingi hufa ukiwa bado unaonekana wa kijani.

Baada ya kufukia, subirini. Miezi itapita bila kuona kitu, na kufukuafukua ili kuchungulia ndiko kunakoharibu. Jani la kwanza likichomoza huwa jembamba, refu, halijatanuka hata kidogo, na anayepalilia hulidhania nyasi akalifyeka. Chomekeni vigingi kila penye kokwa, mzungushie miiba dhidi ya mbuzi, na mmwagilie kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili.

Kuhusu mahali, acha angalau mita tano kutoka ukutani, mbali na nyaya za umeme. Vikonyo vya majani vina miiba myeusi iliyopinda, kwa hiyo usipande penye njia ya watoto. Majani makavu yakining'inia shinani hukaribisha panya na nyoka, tena hushika moto upesi; yaondoe. Usirundike samadi wala magogo yanayooza karibu na mti, maana humo ndimo chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi, hutaga mayai, na mkoma nao humfaa.

Anayetaka matunda afukie kokwa kadhaa. Kuna mikoma dume na mikoma jike, na hakuna wa kukuambia upi ni upi mpaka itoe maua, miaka mingi baadaye.

Neno langu la mwisho ni kwa wasusi. Miyaa ya mikeka na vikapu hutoka kwenye jani changa ambalo bado limefumba, na hilo huchomoza moja moja kutoka kwenye moyo wa mti. Ukilikata kila litokeapo, mkoma hudumaa. Kata moja, liache linalofuata lifunguke, na mche ambao haujawa na majani ya kutosha usiuguse kabisa.