Aonaye Mbele, Asiyeona Pembeni

Ndugu msomaji, huenda umepata kumnyoshea mtu mkono naye asiupokee, ukaondoka ukisema moyoni kwamba bwana yule ana kiburi. Au umemwona mtu mzima akisoma gazeti bila taabu, kisha akainuka na kujikwaa juu ya kigoda kilichokuwa karibu na miguu yake, watu wakanong'ona kwamba amelewa. Kabla hujahukumu, yafaa ufahamu ya kuwa yuko mtu aonaye na asiyeona kwa wakati mmoja.

Mwenye macho mazima, akitazama mbele bila kugeuza shingo, huona eneo la karibu nyuzi 180 toka kushoto hadi kulia. Kwa sehemu ya katikati husoma herufi na kutambua sura. Kwa pembeni huiona baiskeli ijayo, kipandio cha ngazi, mtoto apitaye, na mkono ulionyoshwa. Sasa, wako watu ambao katikati yao ingali safi lakini pembeni pamekufa, wakawa kama watazamao kwa mrija. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye, katika jicho lake lililo bora, eneo la kuona halizidi nyuzi 10 kila upande toka katikati, ijapokuwa aweza kusoma herufi ndogo.

Sababu zake ni nyingi, nasi tutataja mbili. Ya kwanza ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Huuharibu mshipa wa fahamu upelekao habari za jicho kwenye ubongo, na mara nyingi hufanya hivyo polepole, bila maumivu. Uchunguzi wa Kongwa, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2000, uliikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Kilichopotea hakirudi, bali kilichobaki chaweza kulindwa kwa dawa ya matone au kwa upasuaji. Basi, mwenye mzazi au ndugu mwenye glakoma asingoje dalili, aende akapimwe. Ya pili ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi ambao kwa kawaida huanza kwa kutoona gizani.

Je, mtu wa namna hii aishije? Kwanza, ajizoeze kugeuza macho na kichwa kwa utaratibu, kushoto, kulia na chini, kabla ya kupiga hatua. Pili, asidhani kwamba kukuza maandishi humsaidia sikuzote, kwani herufi zikiwa kubwa mno ni chache zitakazoingia katika mrija wake. Pengine mwanga mzuri humfaa zaidi. Tatu, akitaka kumwona mtu mzima mzima, arudi nyuma kidogo. Nne, aache kuendesha gari, hata kama jambo hili ni chungu. Tano, asione haya kushika fimbo nyeupe. Fimbo hiyo humpapasia njia, na tena huwajulisha wengine hali yake bila yeye kusema neno.

Nasi jamaa zake tuna wajibu wetu. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, usiachwe nusu. Ndoo na viti virudishwe mahali pake. Ukingo wa ngazi upakwe rangi nyeupe. Viatu mlangoni pa msikiti vipangwe kando, visitapakae njiani. Ukimsalimu, mtaje jina, nawe ujitaje.

Lakini mzigo wake mzito kuliko kujikwaa ni dhana za watu. Akitembea bila fimbo, huambiwa amelewa. Akiishika, kisha akatoa simu na kusoma, huambiwa anajifanya kipofu. Mwishowe huona afadhali akae nyumbani. Haendi harusini, hazikani na wenzake, na giza linapoingia hujifungia. Huo ndio upofu wa pili, nao haukuletwa na ugonjwa. Tumeuleta sisi.

Basi ndugu msomaji, salamu yako isipoitikiwa, usiondoke na kinyongo. Sogea mbele yake, mahali anapopaona, umsalimu tena.